Neno Buje: uchambuzi wa fumbo la sifuri na moja lililochorwa juu ya bao la mweso

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea Jinja, Uganda, katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari, juma moja kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani ya tarehe 7 Julai. Mwalimu wa Kiswahili alikuja na karatasi moja iliyochorwa mabao manne ya mweso, akaikabidhi kwa wanafunzi wa kidato cha tatu ambao mimi huwafundisha kompyuta, akawaambia kwamba ndani ya mabao yale imefichwa sentensi ya Kiswahili yenye maneno matatu. Juu ya karatasi aliandika maneno manne tu: "Cheza kwanza, soma baadaye." Msaada mwingine alioutoa ni kuelekeza kidole kwenye jedwali la ASCII tulilolibandika ukutani, yaani jedwali linaloipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta. Kisha akaondoka.

Sentensi ilipatikana. Hata hivyo, kabla ya kupatikana, karibu darasa zima lilikaa siku mbili likiwa limeshikilia jibu lisilo sahihi, jibu ambalo lilikuwa na sura zote za usahihi, na mimi mwenyewe nililikubali kwa muda wa nusu siku. Hilo ndilo lililonisukuma kukiandika kisa hiki kwa ukamilifu, kwa sababu naamini kwamba katika kufumbua msimbo, neno linalosomeka mahali pasipostahili lina hatari kubwa kuliko vurugu isiyosomeka kabisa.

Karatasi yenyewe

Msomaji wa pwani aliyezoea bao hatapata tabu kuuelewa mweso wetu wa Uganda. Ni ubao wa mistari minne, kila mstari una vishimo vinane, jumla vishimo 32. Wachezaji ni wawili, kila mmoja anamiliki mistari miwili iliyo upande wake, na kete zote ni 64, kila mchezaji akianza na 32. Baganda huziita kete hizo empiki. Katika mchezo wa kweli kishimo kimoja hubeba kete nyingi, lakini katika mchoro wa mwalimu kila kishimo kilikuwa na kete moja au kilikuwa kitupu. Kutokana na hali hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba tunashughulika na msimbo wa uwili, yaani wa alama mbili tu (kila alama huitwa biti), ambao mwanahisabati Mjerumani Leibniz aliueleza kwa namba katika makala yake ya mwaka 1703 na ambao leo ndio msingi wa kila kinachohifadhiwa ndani ya kompyuta na simu.

Naweka hapa mabao yote manne, ili anayesoma aweze kufanya kazi yake mwenyewe kabla ya kuendelea. Nimeandika 1 penye kete na 0 penye kishimo kitupu, kutoka kushoto kwenda kulia kama yalivyochorwa.

Bao la kwanza:
00010010
01000001
11010010
01010101

Bao la pili:
01110010
01000001
00000100
01001011

Bao la tatu:
10100010
01010100
10100010
00100000

Bao la nne:
01000010
01010101
01001010
01000101

Kwa jumla ni vishimo 128, kete 45, na vishimo vitupu 83.

Herufi moja ina biti ngapi

Swali la kwanza katika fumbo la aina hii si "imeandikwa nini?" bali ni "imekatwa vipi?" Mfululizo wa sifuri na moja hauna mipaka yake wenyewe, na anayeukata vibaya hatasoma kitu hata akiwa na jedwali sahihi mkononi. Kijana mmoja alikuwa amesoma kwamba mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon, katika kitabu alichochapisha mwaka 1623, alionyesha jinsi ya kuandika kila herufi kwa kundi la alama tano za aina mbili, akapendekeza tukate kwa tano. Lilikuwa pendekezo zuri na nililichukua kwa uzito. Lakini 128 ukiigawa kwa tano unapata makundi 25 na biti tatu zinabaki. Mwingine alikumbuka kwamba ASCII, ilipotolewa nchini Marekani mwaka 1963, ilikuwa ya biti saba, na kwa hiyo ina nafasi 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Ukikata kwa saba, unapata makundi 18 na biti mbili zinabaki. Ukikata kwa nane hakibaki kitu, na nane ndiyo idadi ya vishimo katika mstari wa mweso. Kwa hiyo kila mstari ni baiti moja, yaani kundi la biti nane, kila baiti ni herufi moja, na ujumbe wote una herufi 16, nafasi za kutenganisha maneno zikiwemo.

Nilisimama hapa kidogo darasani ili kuwaeleza juu ya ujumbe uliorushwa angani kwa mitambo ya darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, mwaka 1974. Ulikuwa na biti 1,679, namba ambayo, ukiacha moja na yenyewe, inagawanyika kwa 23 na 73 tu, ili yeyote atakayeupokea aweze kuzipanga biti hizo katika mstatili wenye vipimo hivyo na kuona picha. Waliouandika walifanya umbo kuwa sehemu ya ujumbe. Nilisema hivyo nikidhani nawafundisha wanafunzi wangu, na sikutambua kwamba ubao wa mweso uliokuwa mbele yetu ulikuwa unatuambia jambo lilelile kwa upana zaidi, kwani tulichukua kutoka kwake ile namba nane tu na mengine yote tukayaacha kama mapambo.

Jedwali linavyosomwa

Katika jedwali, herufi kubwa A iko nafasi ya 65, ambayo kwa biti nane ni 01000001 (kutoka kulia biti zina thamani ya 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128, na 64 ukiongeza 1 ni 65), na zinazofuata zinapanda moja moja hadi Z iliyo nafasi ya 90. Herufi ndogo a iko nafasi ya 97, yaani 32 mbele ya ndugu yake mkubwa, na nafasi tupu kati ya maneno ni 32, yaani 00100000. Nafasi 0 hadi 31 hazina herufi. Ni amri zilizotengwa kwa mashine za kupelekeana maandishi za zama zile.

Mambo mawili yanafuata kutoka hapo, na yote mawili yatakuwa na kazi baadaye. Kwanza, kwa kuwa jedwali linahitaji biti saba tu, biti ya kwanza katika baiti ya ASCII ni sifuri siku zote. Pili, kila herufi kubwa huanza na 010, kila herufi ndogo huanza na 011, na nafasi tupu huanza na 001. Biti tatu za mwanzo ni kama kilemba au ushungi. Hata kabla ya kumtambua mtu unajua ametoka upande gani.

Usomaji wa kwanza, na neno lililotupoteza

Vikundi vitatu kati ya vinne vilisoma kila mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu yeyote aliyesoma shule za kwetu angefanya. Bao la kwanza liliwapa nafasi ya 18 ambayo si herufi, kisha A, kisha 210 ambayo haimo kabisa katika jedwali la nafasi 128, kisha U. Bao la pili liliwapa r ndogo, A, nafasi ya 4, na K. Bao la tatu liliwapa 162, T, 162 tena, na nafasi tupu. Hadi hapo ilikuwa vurugu, na mwanafunzi mmoja alidai kwamba ujumbe ulikuwa umekatika njiani, kwa kuwa nafasi ya 4 katika jedwali ni amri inayoashiria mwisho wa upelekaji. Nilimsifu kwa kulisoma jedwali kwa makini kiasi hicho, ingawa hakuwa sahihi.

Kisha wakafika bao la nne, wakasoma B, U, J, E.

Chumba kilibadilika. Baada ya mabao matatu ya takataka, hili hapa neno zima, herufi nne kubwa, bila doa, konsonanti ikifuatwa na irabu kama maneno ya Kibantu yanavyopaswa kuwa, na mbele yake nafasi tupu inayolitenga na yaliyotangulia. Hakuna aliyelijua neno hilo katika Kiswahili, lakini hakuna aliyeona kwamba hilo ni kikwazo. Tuko Busoga. Hapa Bugembe, pale Buwenge, kule Bugiri na Busembatia. Mtoto wa Jinja akikutana na neno linaloanza na Bu- hulipokea kama jina la mahali hata kabla halijaisha. Kikundi kimoja kiliamua kwamba Buje ni kijiji, na kwamba mabao matatu ya mwanzo yamefichwa kwa msimbo wa pili juu ya ule wa kwanza. Walitumia siku mbili kuongeza na kupunguza namba, kugeuza kete kuwa sifuri na kishimo kitupu kuwa moja, na kusoma bao la kwanza kutoka juu kwenda chini. Kila jaribio lililoshindwa waliliweka kando, lakini Buje haikuguswa. Ikawa nguzo ambayo kila dhana mpya ilipaswa kuiegemea.

Nataka kuwa mkweli kuhusu sehemu yangu. Waliponijia wakiwa na neno lile, niliwaambia waendelee. Nilihesabu kimoyomoyo kwamba herufi nne mfululizo haziwezi kuangukia mahali sahihi kwa bahati, nikatulia. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa, na kosa lenyewe nitalionyesha chini.

Karatasi mbili juu ya meza moja

Kikundi cha nne kilikuwa kimefanya jambo lililowafanya wenzao wawacheke. Msichana aliyekiongoza, ambaye nyumbani kwao ni Walukuba, alisisitiza kwamba wasome kila mstari kutoka kulia kwenda kushoto. Alipoulizwa sababu alisema tu kwamba ndivyo mkono wa babu yake unavyokwenda. Walipata H katika mstari wa kwanza, namba isiyo na herufi katika wa pili, K katika wa tatu, namba isiyo na herufi tena katika wa nne, na wakaendelea hivyo hadi mwisho, wakiwa na nusu ya mistari inayosomeka na nusu isiyosomeka. Waliandika kila kitu. Mahali palipokosa herufi waliandika namba iliyopatikana na kuweka alama ya kuuliza.

Siku ya tatu niliomba vikundi vyote viweke karatasi zao juu ya meza moja. Waliosoma kutoka kushoto, ukiondoa mistari yenye mashaka, walikuwa na A, U, A, K, T, nafasi tupu, U na E, zote kutoka mistari ya pili na ya nne. Waliosoma kutoka kulia walikuwa na H, K, N, nafasi tupu, E, E, B na R, zote kutoka mistari ya kwanza na ya tatu. Sikuhitaji kusema neno. Mvulana mmoja aliweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye karatasi moja na cha kulia kwenye nyingine, akawa anasoma kwa kupokezana: H, A, K, U, N, A. Wenzake wakamalizia kwa sauti.

HAKUNA KETE BURE.

Ushahidi uliokuwepo tangu mwanzo

Kusomeka kwa sentensi hakunitoshi, na nadhani hakupaswi kumtosha mtu yeyote aliyekwisha kudanganywa na Buje. Kwa hiyo tulirudi kwenye mabao tukiwa tumefunika sentensi, tukauliza kama mtu asiyejua jibu angeweza kuthibitisha upande wa kusoma kwa kutazama kete peke yake.

Angeweza. Ukitazama mistari ya pili na ya nne ya mabao yote, ambayo ni mistari minane, kishimo cha kwanza kushoto ni kitupu katika yote minane, na mistari saba kati ya hiyo inaanza na 010 huku mmoja ukianza na 001. Ukitazama mistari ya kwanza na ya tatu, ambayo nayo ni minane, kishimo kilicho kitupu daima si cha kushoto bali cha mwisho kulia. Saba kati ya mistari hiyo inaishia na 010, na mmoja unaishia na 100, ambayo ni 001 iliyogeuzwa. Ile sifuri ya lazima ya ASCII, ambayo kwa kawaida tunaiona kama biti isiyo na kazi, ndiyo iliyokuwa imesimama mlangoni ikituonyesha mstari unaanzia wapi. Mistari mitatu ilikuwa na kete katika kishimo cha kwanza kushoto, yaani wa tatu wa bao la kwanza, na wa kwanza na wa tatu wa bao la tatu. Kila mmoja kati ya hiyo ulikuwa ukisema waziwazi kwamba hausomwi kutoka kushoto. Tuliusikia ushahidi huo tukauita kelele.

Twende mbali zaidi. Chukua kila mstari peke yake, bila kujua chochote juu ya mistari jirani, uusome pande zote mbili. Katika mistari 16, kuna 12 ambayo upande mmoja unatoa herufi au nafasi tupu, na upande wa pili unatoa amri ya mashine au namba iliyo nje ya jedwali. Hiyo 12 haina mjadala. Inabaki minne tu. Mmoja unasomeka N kutoka kulia na r ndogo kutoka kushoto, na r ndogo katikati ya herufi kubwa haina nafasi. Mwingine unasomeka T kutoka kushoto na alama ya nyota kutoka kulia. Mwingine ni B pande zote, kwa kuwa 01000010 haibadiliki ukiigeuza. Na wa mwisho, ule wa tatu wa bao la nne, ni J kutoka kushoto na R kutoka kulia.

Hapo ndipo kosa la hesabu yangu lilipokuwa. Katika herufi kubwa zote 26 kuna nne tu ambazo zikigeuzwa hubaki kuwa herufi kubwa: B na Z, ambazo hujigeuza kuwa zenyewe, na J na R, ambazo kila moja ni kioo cha mwenzake. Mbili kati ya hizo nne zilikutana katika bao moja, tena katika mistari ileile miwili iliyopaswa kusomwa kinyume. Herufi nne sikuzipata kwa bahati, kama nilivyofikiri. Mbili, U na E, zilikuwa sahihi kwa sababu zilisomwa upande wake. Moja, B, haikujali upande. Bahati ilihitajika katika herufi moja tu. Nilipaswa kujiuliza ni ushahidi kiasi gani neno lile lilibeba, na jibu lingekuwa: mdogo sana.

Nilimwuliza mwalimu wa Kiswahili kama aliutega mtego ule kwa makusudi. Alishangaa. Hakuwa akijua kwamba R na J ni vioo.

Kwa nini ule mstari si J

Bado mkaidi angeweza kusema: jedwali linakubali J na linakubali R, kwa hiyo sentensi inaweza kuwa "hakuna kete Buje", yaani katika kijiji cha Buje hakuna kete. Kisarufi hakuna kinachomzuia. Kwa jedwali peke yake hakanushiki, na nilifurahi sana mwanafunzi mmoja alipolileta pingamizi hilo bila kuchochewa. Linajibiwa na kanuni ya mwelekeo, na kanuni hiyo lazima iwe na sababu iliyo nje ya sentensi, la sivyo tunazunguka palepale.

Sababu hiyo tuliipata Walukuba Jumamosi iliyofuata, barazani kwa babu wa yule msichana. Walukuba ni mtaa wa watu wa makabila mengi na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, na mzee alitupokea kwa Kiswahili kisicho na haraka. Wanafunzi wanne waliamkia, wakamwonyesha karatasi, na mmoja akasema, "Mzee, tunaomba utuonyeshe mkono unavyokwenda."

Mzee alileta ubao wake wa kweli, akaanza kupanda kete. Katika mweso kete hupandwa kinyume cha mwendo wa saa, kila mchezaji akizunguka ndani ya mistari yake miwili. Mchezaji aliyekaa upande wa chini wa karatasi yetu hupita mstari wake wa ndani kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hushuka na kurudi kwa mstari wa nje kutoka kushoto kwenda kulia. Aliyekaa upande wa juu, ukimtazama kutoka chini, hupita mstari wa juu kabisa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hurudi kwa mstari wa pili kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiipanga mistari minne kutoka juu, mahali pa kuanzia ni kulia, kushoto, kulia, kushoto, na mkono haujanyanyuka hata mara moja ndani ya mistari miwili ya mchezaji mmoja.

Kijana mmoja alimweleza jinsi walivyosoma mwanzoni, kila mstari ukianzia kushoto. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, kete haivuki hewani." Kwa kuwa anayefika mwisho wa mstari upande wa kulia kisha akaanza mstari unaofuata upande wa kushoto amerusha mkono juu ya ubao mzima, na hakuna mchezaji wa mweso afanyaye hivyo. Mzee alituonya pia kwamba mchezo una ruhusa ya kurudi nyuma, kwani kutoka vishimo vinne vya ukingo wa kushoto mchezaji anaweza kupanda kwa mwendo wa saa ikiwa mwendo huo unamwezesha kukamata kete za mpinzani mara moja. Mwalimu hakuitumia kanuni hiyo, na ushahidi wa zile sifuri za mlangoni unathibitisha kwamba hakuitumia.

Kwa hiyo mstari wa tatu wa bao la nne unasomwa kutoka kulia, kama mistari ya tatu ya mabao mengine yote, na herufi yake ni R. "Cheza kwanza, soma baadaye" ilikuwa kanuni kamili ya mwelekeo. Tuliisoma kama maneno ya kuchangamsha watoto.

Juu ya kuzitunza namba zisizosomeka

Kulikuwa na mzozo mdogo wa alama. Vikundi viwili vilivyoshikilia Buje viliomba nusu ya alama kwa kupata herufi nyingi sahihi. Niliangalia karatasi zao tena. Kikundi kimoja kilikuwa kimeandika kila namba, hata 210 na 162, nacho nilikipa alama karibu sawa na kikundi cha nne, kwa kuwa karatasi yao ndiyo iliyotoa nusu ya sentensi. Kikundi cha pili kilikuwa kimefuta mistari isiyosomeka na kubakiza herufi kubwa tu, zikiwa zimebanana: A, U, A, K, T, kisha BUJE. Karatasi hiyo isingeweza kumsaidia mtu. Hakuna aliyeweza kujua tena kwamba kati ya A na U palikuwa na mstari uliokataa kusomeka, na kukataa kule ndiko kulikokuwa habari kubwa kuliko herufi zote. Hata mlio wa "akt" ungepaswa kuwashtua. Katika Kiswahili konsonanti hizo mbili hukutana katika maneno ya mkopo kama daktari na Oktoba, lakini si jambo la kutarajia katika sentensi fupi ya maneno matatu. Hawakushtuka kwa sababu walikwisha kuamua.

Sikuwapa nusu ya alama. Niliwaambia waandike upya mabao yote manne na kueleza kila mstari uliofutwa, na waliifanya kazi hiyo vizuri.

Neno "ya"

Msomaji mwenye sikio la lugha atakuwa amekwisha kuona kasoro katika sentensi. Mzee aliiona mara moja. Aliposomewa jibu alisema, "Hakuna kete ya bure. Mmeisahau 'ya'." Wanafunzi walimtazama mwalimu wao wa Kiswahili, aliyekuwa amefuatana nasi, naye akaeleza kwamba aliiondoa kwa makusudi ili sentensi iingie katika mistari 16 ya mabao manne. Akiiongeza "ya" na nafasi yake, herufi zinakuwa 19, na angehitaji bao la tano.

Jumatatu yule msichana alilichora bao hilo la tano, akaipanga sentensi upya kwa kanuni ileile ya mweso. B imeangukia mstari wa nne wa bao la nne. U imekwenda mstari wa kwanza wa bao la tano, R mstari wa pili, E mstari wa tatu. Kisha akaisoma kama walivyosoma wenzake siku ya kwanza, kila mstari kutoka kushoto: B, 170, R, 162. Buje haipo. R sasa imekaa katika mstari unaosomwa kutoka kushoto na haina haja ya kugeuzwa, na jirani zake wawili zinatoka nje ya jedwali. Kama sarufi isingekatwa, mtego usingekuwepo, na siku zile mbili tusingezipoteza.

Mstari wa mwisho wa bao lake, ule wa nne, umebaki mtupu, vishimo vinane bila kete. Alitaka kujua kama auandike chini yake 0 au aache bila kitu. Nilimwonyesha kwenye jedwali kwamba tarakimu 0 iko nafasi ya 48, yaani 00110000, na ina kete mbili; mstari usio na kete hata moja ni nafasi ya 0, ambayo ni amri na haiandikwi. Aliandika namba, akaweka alama ya kuuliza kama alivyozoea, akaibandika karatasi ukutani kando ya jedwali.